Kaye Iliyoandikwa Upya

Tulimzika Mama Dezire Jumanne, na tangu Jumanne sijakaa kwenye kiti kimoja dakika tano. Naanza kufua, naacha. Naweka maharage jikoni, nasahau moto. Mtoto ninaye mgongoni, ana miezi mitano, na hata yeye amechoka kuzungushwa ndani ya vyumba viwili kama mzigo usio na pa kushushwa. Juu ya meza kuna kaye mbili. Moja ni mpya, ya jalada la bluu. Niliinunua hapa Carama kwa sababu mama wa nyumba kumi alipita akasema kila nyumba ijiandikishe tena, na kwa sababu kaye tuliyokuwa nayo haina mstari wa mtoto. Nyingine imeungua pembe moja, inanuka moshi na ndagala, wale dagaa wa ziwani, na mwandiko uliomo ni wangu, wa nilipokuwa na miaka kumi na saba. Hiyo, pale kilioni, pembeni ya watu wanaokunywa chai, nilipewa na mzee Sefu, fundi cherehani, ambaye mwaka ule nilimchukia kuliko polisi.

Kwa yule ambaye hajaishi na kitu hiki, nieleze. Kaye ya nyumba ni daftari la shule la kawaida. Ndani yake unaandika kila mtu anayelala kwako: jina, umri, kazi, ametoka wapi. Mgeni akilala siku mbili, anaandikwa. Mtu akihama, anakatwa kwa mstari, na mkubwa wa nyumba kumi anatia saini pembeni. Ukiisoma hivi unaweza kusema ni utaratibu mzuri, kuna ubaya gani. Mwaka ule, mwaka wa maandamano ya kuipinga serikali, tuliujua ubaya wake. Askari walikuwa wanakuja alfajiri, wanafunga barabara huku na huku, wanaingia parsele kwa parsele, kiwanja kwa kiwanja, na kutoa watu uani wakiwa bado na tongotongo, halafu wanafungua kaye na kuhesabu vichwa. Aliyemo ndani na hayumo kwenye kaye ni adui aliyefichwa. Aliyemo kwenye kaye na hayumo ndani ni adui aliyekwenda msituni, na mama yake ataeleza alipo. Kati ya hao wawili hakukuwa na mtu wa tatu.

Tulikuwa tunakaa Buyenzi kwa shangazi yangu Mwamini, parsele ya kuta nyekundu, robine moja ya maji katikati, choo nyuma. Vyumba vya mbele vilikuwa vyetu. Chumba cha uani alipanga Mama Dezire, mwanamke wa Uvira, ng'ambo ya mpaka, muuza ndagala, na mwanawe Dezire. Naweza mpaka leo kutembea ndani ya chumba kile nimefumba macho: kitanda upande wa kushoto, pazia la kitenge chenye picha za feni, nyuma ya pazia godoro la Dezire chini, ukutani kalenda ya kanisa, na kila mahali, kwenye shuka, kwenye Biblia, kwenye nywele, harufu ya ndagala wakavu. Shangazi alikuwa analalamika kila siku na kila siku anakula huko. Yeye akipika pilau Ijumaa, sahani ya kwanza inavuka uani imefunikwa. Mama Dezire akisonga bugari, ugali wa kwao, na ndagala zimeelea kwenye mawese, tunaitwa sote, tunanawa kwenye beseni moja. Dezire alikuwa na miaka ishirini, fundi wa kuunganisha vyuma, mikono yote alama ndogo ndogo za cheche. Alikuwa anamtania shangazi: "Waziri wa maji, leo unafungua robine ao tufe na kiu?" Na shangazi: "Kufa. Nitapangisha chumba kwa mutu anaoga." Kelele hizo ndizo zilizokuwa nyumba. Siku Dezire alipoondoka, nilisikia maji ya robine yakidondoka, tone kwa tone, nikajua kuna kitu kimetoka.

Aliondoka kwa sababu alikuwa ameandamana kama vijana wote wa barabara yetu, na mwenzake waliyeshika naye bango alikuwa amechukuliwa kazini mchana kweupe. Akaenda Buterere, kwenye mashamba ya mpunga, kwa mama mmoja aliyemweka pamoja na vibarua wa kupalilia. Mpango ulikuwa akae huko mpaka njia itulie, kisha avuke kwenda Uvira kwa mjomba wake. Sisi tulibaki na jina lake kwenye kaye. Mstari wa pili, chini ya mama yake, kwa mwandiko wangu. Nilikuwa mwandishi wa parsele kwa sababu nilikuwa nasoma sekondari na herufi zangu zilikuwa zimelala vizuri. Mama Dezire alikuwa akisema, "Zabi, uko na mwandiko sawa ya masista," na mimi nilikuwa navimba kichwa.

Nikasikia maongezi ya shangazi na Mama Dezire siku moja, mimi niko ndani najifanya nasoma, wao uani wanachambua mchele.

"Bamebeba mama ya Jeani," Mama Dezire alisema. "Jina ya kijana iko mu kaye, kijana hayuko. Bamemubeba na kitenge ya kulalia."

"Mukate basi jina," shangazi akajibu. "Andika amehama."

"Nikikata, Sefu atatia saini. Tarehe itaonekana. Batasema amehama wapi, juu ya nini, nani alimupa njia."

"Huyo Sefu..." Sote tulikuwa tunanyamaza tukifika kwenye jina hilo. Mzee Sefu alikuwa mkubwa wa nyumba zetu kumi, ambazo kwa kweli zilikuwa kumi na saba. Cherehani yake ilikuwa kibarazani, na mtu akipita alikuwa anainua macho juu ya miwani na kuyashusha. Kila Jumatatu alikuwa anakwenda ofisini na begi lake. Anapeleka nini? Tulisema anapeleka sisi. Akipita, watoto wanaacha kucheza. Akisalimia, tunajibu salamu na kutazama pembeni.

Mimi ndiye niliyetoa suluhisho. Hakuna aliyenituma. Nilichukua kaye ile bila kuitia doa, nikanunua nyingine, nikakaa mchana mzima nikanakili parsele yetu yote upya. Shangazi Mwamini, mstari wa kwanza. Mimi, mstari wa pili. Ukurasa wa Mama Dezire: Mama Dezire peke yake. Wala sikukata kitu, sikufuta kitu. Hata saini za mzee Sefu niliziiga, kile kijimstari chake kama uzi uliokatika. Nilitumia rula. Nilipomaliza, nilitamani mwalimu aione. Hilo ndilo kosa langu, na ni kosa la mwanafunzi mzuri tu, mjinga asingeweza kulifanya. Kaye zote za Buyenzi zilikuwa na mafuta, zimekunjika, zimekatwakatwa, zimenyeshewa, zimeandikwa kwa kalamu tano tofauti. Yangu ilikuwa inang'aa kama cheti.

Walikuja siku tatu baadaye, saa kumi na mbili asubuhi. Aliyewaongoza tulimwita Kontrole. Alikuwa kijana wa chama kinachotawala, ameletwa kutoka kartie nyingine, mtaa wa mbali, amevaa buti za mvua hata jua likiwaka. Hakujua sura zetu. Alijua karatasi tu, na hiyo ndiyo iliyotuponza na ndiyo iliyotuokoa. Tukasimama uani sisi watatu, shangazi na tasbihi yake, Mama Dezire na kitenge cha kulalia. Nilimwona ameshika ncha ya kile kitenge kwa mikono miwili, nikajua anamfikiria mama wa Jeani. Kontrole akafungua kaye. Akageuza ukurasa mmoja, wa pili. Akainusa. Naapa, aliinusa.

"Hii kaye ni mupya."

Akaipigapiga kwenye kiganja chake.

"Ya zamani iko wapi?"

Kaye ya zamani ilikuwa chini ya godoro langu. Nilifungua mdomo, na sijui ningesema nini, kwa sababu sauti iliyotoka haikuwa yangu. Mzee Sefu alikuwa amesimama mlangoni nyuma yao, kofia mkononi, kwa kuwa mkubwa wa nyumba kumi lazima awafuate.

"Ni mimi," akasema. "Nilitoa amri. Mvua iliingia mu nyumba za watu, kaye zikaoza, hata jina husomi. Nikasema ziandikwe upya, za zamani zichomwe."

Kontrole akamgeukia polepole. "Zote?"

Mzee Sefu akahesabu kwa macho milango ya barabara yetu. "Zote. Nyumba kumi na saba."

"Basi kwa sasa tunaishia hapa, barabara zingine zinatungoja. Saa tisa narudi," Kontrole akasema, akampa kaye yangu kifuani kama kumsukuma. "Nione kumi na saba mupya. Nikikuta moja ya zamani, mzee, weye na mimi tutakwenda kuongea."

Wakatoka. Buti zikapotea. Hapo ndipo nilipomwona mzee Sefu vizuri kwa mara ya kwanza. Kofia aliyoishika alikuwa ameikunja mpaka imekuwa kama kamba. Hakutuambia pole, hakutuambia msiogope. Alisema, "Munanitazama nini? Kaye kumi na sita. Saa ni ngapi?"

Nimeshasikia watu wakisimulia mwaka ule kwa sauti za redioni, mashujaa, damu, historia. Mimi ninachokumbuka ni kutafuta daftari. Duka la kona lilikuwa na sita. Saba tulizipata kwa watoto wa shule, tukang'oa kurasa za mwanzo zenye hesabu na imla, mtoto mmoja akalia kwa sababu alikuwa amepata tisa juu ya kumi. Tatu alitoa mama mmoja aliyekuwa amezihifadhi kwa ajili ya muhula mpya. Tukakaa kwenye chumba cha Mama Dezire, kwa sababu hakina dirisha la barabarani, wasichana wanne wanaojua kuandika na mzee Sefu, kaye kitandani, wanawake wanaingia mmoja mmoja wamezificha za kwao ndani ya masufuria, ndani ya vitenge, moja ilikuja chini ya unga. Mimi nikavuta kalamu niandike zote. Mzee Sefu akanipiga kofi la mkono.

"Wote mwandiko wako? Unataka tukufie sababu ya uzuri? Kila nyumba mwandiko wake. Andikeni vibaya."

Kuandika vibaya kulinishinda. Nilijaribu mkono wa kushoto. Bibi mmoja wa nyumba ya tisa, hajui kusoma, alikuwa anatoa majina kwa kichwa, na alipofika kwa mjukuu wake akanyamaza. Mzee Sefu hakuinua macho. "Bibi," akasema, "mimi naandika nachosikia. Sikusikia kitu." Bibi akaelewa. Mjukuu akatoka kwenye dunia. Baada ya hapo kila mwanamke aliyeingia alipumua kwanza, akataja waliopo, na akawaacha waliokimbia. Mwingine aliongeza: kulikuwa na msichana aliyekimbia kutoka kartie iliyochomwa, analala chini ya meza kwa watu, akawa mpwa wa nyumba ya nne, amezaliwa hapo hapo. Kwa saa chache sisi tulikuwa serikali, na tulicheka. Ndiyo, tulicheka, jasho linadondoka kwenye wino. Mama mmoja alimwambia mzee Sefu, "Baba, na mume wangu tumwandike ao tumuache? Haleti kitu." Naye akajibu, "Mwache ndani, mama. Akikosekana watasema ameasi, na huyo hawezi kuasi hata kunguni."

Kaye za zamani tulizichoma uani, chini ya sufuria ya maharage, ili moshi uwe moshi wa jikoni. Mimi nilizitia mwenyewe. Ya kwetu niliitia ya mwisho, nikarudi ndani kukausha wino. Mama Dezire ndiye aliyekuwa anakoroga maharage. Baadaye niliona amefunga kitambaa mkononi, amepaka mawese. "Nimejiunguza," alisema. Nani ana nafasi ya kuuliza? Maharage yenyewe hayakuiva, tuliyala yakiwa magumu, tumesimama, na mpaka leo nikitafuna harage bichi moyo unanienda mbio.

Saa tisa kasoro kidogo mzee Sefu alitia saini ya mwisho. Kontrole alikuja na askari wawili tu. Alizunguka nyumba zote kumi na saba na kote alikuta kaye mpya. Kurasa zake zilikuwa na wino uliovuja na herufi zilizopinda, nyingine ina alama ya kikombe. Niliona uso wake unavyochoka. Alirudi kwetu mwishoni, kwa sababu harufu ilikuwa imeanzia kwetu. Akafungua ukurasa wa Mama Dezire.

"Mama. Wanakuita Mama Dezire."

"Ndiyo, baba."

"Dezire iko wapi?"

Mkono wenye kitambaa ulikuwa ndani ya kitenge. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Nilisikia robine.

"Alikufa," akasema. "Uvira. Mudogo. Jina njo ilibakia."

Kontrole akatoa penseli, akachora kitu kifupi pembeni, kisha akafunga kaye, akampa mzee Sefu, akaondoka. Wanawake wakashika vichwa, shangazi akakaa chini palepale kwenye matope akisema alhamdulillahi mpaka sauti ikakauka. Mama Dezire aliingia chumbani kwake, akashusha pazia lile la feni.

Kama kisa kingeishia hapo, nisingekiandika. Ningewaachia watu wa redioni. Wiki sita baadaye Dezire alitoka Buterere na vijana wengine wawili kuelekea mto Rusizi wa mpakani, avuke. Mjomba alisubiri Uvira siku moja, wiki, mwezi. Hakuna aliyefika. Mama Dezire alivumilia akashindwa, akavaa kitenge cha kanisani, akaenda ofisini kuuliza kama wamemshika, yuko jela gani, ampelekee chakula. Mzee Sefu alimsindikiza. Walifungua kaye yetu, ambayo mzee Sefu alikuwa ameibeba. Mtu aliyekaa nyuma ya meza alipitisha kidole kwenye ukurasa wangu, juu ya ile mistari ya rula, akasema, kwa upole, wanasema alikuwa mpole kabisa: "Mama, hapa hakuna kijana. Na imeandikwa pembeni, wewe mwenyewe ulisema mtoto wako alikufa." Kontrole alikuwa ameandika. Kwa penseli. Wakambakisha mzee Sefu siku nne aeleze. Alirudi akitembea kwa kuburuta mguu, na tangu hapo hakukanyaga tena cherehani. Alikuwa anashona kwa mkono, vifungo na pindo. Hakueleza mtu kitu. Wale kumi na saba wa nyumba kumi walianza kumpelekea chakula kibarazani, kimya kimya, na watoto wakarudi kucheza mbele yake.

Mama Dezire alirudi siku ile, akaketi kwenye kizingiti, akachukua ungo wa ndagala, akaanza kutoa mchanga. Nilikwenda nikachuchumaa mbele yake. Nilitaka anipige. Alinitazama akasema, "Zabi, mwandiko yako ni muzuri kabisa." Hakusema kwa ubaya. Ningempa chochote aseme kwa ubaya.

Sasa mimi ni mama, na najua kile nisichokijua nikiwa na miaka kumi na saba. Najua mtu anaweza kusema kwa mdomo wake kwamba mtoto wake amekufa ili mtoto huyo aishi, na kwamba wenye kaye watachukua neno hilo moja na kulifanya kweli. Hasira yangu haijapungua. Watu wananiambia, Zabi, umezaa, tulia. Nitulie vipi? Nikimkanda huyu mtoto miguu, nafikiri: kuna mwanamke aliyekanda miguu kama hii, na kwenye karatasi zote za mji huu miguu hiyo haikukanyaga popote. Na karatasi hizo niliziandika mimi, kwa rula.

Pale kilioni mzee Sefu alinivuta pembeni, karibu na rundo la viti. Ameshazeeka, miwani imefungwa kwa uzi. Akatoa kitu ndani ya mfuko wa plastiki. "Aliileta kwangu alipoanza kuugua," akasema. "Alisema, mupatie ule mwenye mwandiko." Nikafungua. Ukurasa wa Mama Dezire, pembe imeliwa na moto, na mstari wa pili mzima: Dezire, miaka ishirini, fundi wa vyuma, mtoto wake. Pembeni, saini kama uzi uliokatika. Alikuwa ameingiza mkono motoni, mchana ule, chini ya maharage. Miaka yote hii aliilalia kwenye godoro, huku ukaguzi ukiendelea, na ingeonekana tungekwisha sote, shangazi, mzee Sefu, mimi, bibi wa nyumba ya tisa. Nilitaka kukasirika naye. Kwa dakika moja hata nilifaulu.

"Baba," nikamuuliza mzee Sefu, "ulijua?"

"Nilimuona akiitoa. Ningesema nini? Ni mimi nilitia saini. Kijana alikuwepo."

Leo asubuhi nimemshusha mtoto kitandani, nimefungua kaye mpya. Mstari wa kwanza, baba wa mtoto. Wa pili, mimi. Wa tatu, mtoto, miezi mitano. Kalamu imevuja kwenye herufi ya mwisho ya jina lake, nimekata, nimeandika juu, nimeacha hivyo hivyo. Mstari wa nne nimeandika: Dezire, fundi wa vyuma, ametoka Buyenzi. Umri nimepiga hesabu na kuongeza miaka kumi na mmoja. Baba wa mtoto amesoma juu ya bega langu akabaki ameshika mswaki mdomoni.

"Zabi, unatutafutia nini?"

"Mtu wa kuniuliza."

Hakuichukua kalamu. Jumamosi, baada ya kazi za pamoja, mama wa nyumba kumi atapita. Atahesabu vichwa, vitatu. Atarudi kwenye kaye, mistari minne. Ataweka kidole pale, atasema, huyu yuko wapi? Kwa miaka kumi na mmoja hakuna mwenye kaye aliyeuliza swali hilo, kwa sababu jina halikuwemo kwenye karatasi. Nitamfungulia na ile iliyoungua, niiweke kando ya mpya, mtoto nikiwa naye mgongoni, na nitamwambia: hilo ndilo ninalotaka mniambie nyinyi.